Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Lamu: Watoto wetu wasifike chuo kikuu kama wageni wasio na mwenyeji

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Nakuandikia kuhusu vijana wetu wanaopata C+ au zaidi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kuitwa vyuo vikuu. Matokeo yakitoka Januari mtaa mzima hushangilia. Agosti au Septemba wanavuka kwa boti hadi Mokowe, wanapanda basi, na kuanzia hapo hatupati habari zao mpaka mambo yaharibike. Naomba kaunti iitumie ile miezi ya katikati kuwaandaa, na kila chuo wanachokwenda wamkute mtu wa kuwapokea.

Najua utaambiwa kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kwamba vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli. Lakini siombi kaunti iendeshe chuo kikuu. Naomba imwandae mtoto wa Amu, wa Pate na wa Ndau akiwa bado yuko kwao.

Nianze na pesa. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, kupewa nafasi na KUCCPS, idara inayowagawa wanafunzi vyuoni, si kupewa fedha. Mwanafunzi lazima aombe mwenyewe mtandaoni, uwezo wa nyumbani kwao upimwe, ndipo ijulikane atapata ufadhili kiasi gani, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kiasi gani, na mzazi alipe nini. Asiyeomba, mzigo wote unamwangukia mzazi. Sasa fomu inauliza mapato ya familia. Mchukue mvuvi wa Kizingitini. Kaskazi ikiwa shwari kamba wanapatikana na nyumba inakula vizuri; kusi ikichafuka chombo kinakaa pwani siku nyingi na deni la dukani linapanda. Mapato yake ya mwezi aandike ngapi? Mwanawe anajaza fomu kwa simu ya kuazima, anaandika kiasi alichosikia baba akikitaja siku ya neema, na familia inahesabiwa kuwa inajiweza. Nafasi ya kukata rufaa ipo, ila nani kawaambia? Mtu mmoja anayeielewa fomu ile, akikaa na wazazi Faza na Kiunga siku chache tu, atazinusuru nyumba nyingi na deni lisilowahusu.

Kisha masomo yenyewe. Sekondari kengele inalia, mwalimu anaingia, daftari linasahihishwa. Chuoni hakuna anayemwuliza kijana kama aliingia darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa hesabu, alihudhuria yuniti moja, yaani somo moja la chuoni, muhula mzima, akaketi mbele, akafanya kila kazi aliyopewa. Siku ya mtihani jina lake halikuwemo kwenye orodha. Kumbe yuniti husajiliwa kwenye tovuti ya chuo wiki za mwanzo, naye alidhani kutia sahihi karatasi ya mahudhurio kunatosha. Alinipigia simu usiku ule, akiwa nje ya hosteli ili wenzake wa chumbani wasimsikie, akaniuliza kama sasa afungashe arudi. Yuniti ile aliirudia mwaka uliofuata. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angeweza kumwonyesha pa kubonyeza, lakini hakumjua hata mmoja.

Na upweke, Mheshimiwa. Aliyeitwa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi ana nafuu: Kiswahili kinasikika kila kona, na basi la kwao linapita njia hiyo hiyo. Aliyeitwa Chuo Kikuu cha Moi yuko Kesses, nje ya Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Agosti huko ni mvua na baridi ambayo mtoto wa kisiwani hajawahi kuionja. Wapo waliokwenda bila hata sweta moja. Kuna msichana wa Pate, katika chuo kimoja cha bara, aliyekaa wiki tatu akila mkate na chai, kwa kuwa hakujua nyama ya mkahawani imechinjwa na nani na aliona haya kuuliza. Kila usiku alimpigia mamake: "Mama, nataka kuya," yaani kuja nyumbani. Aliyemwokoa ni msichana wa Garissa waliyekutana chumba cha kuswalia, akamshika mkono, akampeleka kwenye bucha anayonunua yeye, wakapika pamoja.

Wako wanaosema mtoto wa Kiswahili hawezi kukaa mbali na mamake. Nayakataa maneno hayo. Wazee wetu walisafiri kwa majahazi kwenda mbali kuliko Eldoret, na bandarini walikuwa na mwenyeji wa kumfikia. Mtoto huyu tumemtuma pasipo na mwenyeji, kisha tunamlaumu kwa kulia.

Kwa hiyo kaunti iwe na orodha ya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili na wa tatu katika kila chuo, walio radhi kuwapokea wapya, kusajili nao yuniti, kuwaonyesha msikiti au kanisa, zahanati na soko. Nasema kanisa makusudi, maana watoto wa Mpeketoni na Witu nao ni wetu. Na huku nyumbani tuwe na masomo ya wiki mbili katika maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu, na katika shule moja kila upande wa kaunti: kuchapa kwenye kompyuta, kutuma barua pepe, kujaza fomu za ufadhili wazazi wakiwepo, na kuandika kazi ya kurasa kadhaa bila kunakili kitabu.

Walimu kadhaa tumekubaliana kufundisha bila malipo, na Ramadhani ikiangukia hapo tutafundisha asubuhi. Kwako tunahitaji kompyuta, nauli ya boti kwa watoto wa visiwani, na barua zenye muhuri wa ofisi yako kwa vyuo. Tungependa kuanza mwezi wa Februari, matokeo yakishatoka. Naomba unipangie siku ya kuonana nawe kabla ya hapo.

Wako,
Mwalimu wa sekondari, Langoni, Lamu