Kwa nini tunachaji kuosha kesi ya injini ya Vespa

Wiki iliyopita mteja kanipigia simu kafura kweli, fundi mbona kwenye hesabu umeniandikia shilingi elfu 60 ya kufungua na kuosha kesi, kuosha tu elfu 60, si bora ningempa kijana elfu 5 na lita ya petroli akanioshea hapa nyumbani. Si wa kwanza. Haupiti mwezi hawajatokea wawili watatu wenye neno hilo hilo, na wengine hawanambii usoni, wanakwenda kulisema barazani kwamba fundi yule mwizi. Basi leo naeleza hiyo elfu 60 inakwenda wapi, na asiyeridhika atafute fundi mwengine, kheri tu.

Kesi ya Vespa, nasema hizi za aina ya PX na nyingi za zamani kuliko hizo, ni magamba mawili ya alumini yaliyokumbatiana, ndani mna krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, beringi, gia, kila kitu. Lakini si sanduku la kuwekea vitu tu. Chini ya kabureta, pale petroli inapoingilia, kuna kiuso kidogo kimechongwa kwenye alumini yenyewe, na duara la krenki linapita juu yake karibu kukigusa, nafasi yake nyembamba kuliko karatasi. Hiyo ndo valvu ya injini yako. Kikichunika hicho kiuso hakuna spea ya kwenda kununua Darajani, spea yake ni kesi nzima, na kesi nzima nzuri skuizi utaitafuta mpaka uchoke.

Sasa mtu anakwenda kukipiga na brashi ya waya.

Kazi yangu inaanza kabla sijagusa bolti. Nakwangua tope na grisi ya nje kwanza, kwa kijiti na brashi na dizeli, kwa sababu ukifungua injini chafu ule mchanga wote unaanguka ndani. Halafu namwaga mafuta ya gia kwenye kibakuli cheupe. Hapa wateja wengi hawanielewi, wanaona fundi kakaa anatizama mafuta machafu. Natizama kweli, nanusa, napitisha sumaku. Yakinuka petroli najua sili ya upande wa klachi, ile ringi ya mpira inayozuia mafuta, imekufa. Yakitoka pungufu, maana PX inataka kama mililita 250, na nje haivuji, najua yanavutwa yanaungua pamoja na petroli. Sumaku ikitoka na vipande badala ya unga, kuna jino la gia limeondoka.

Kuna mzee mmoja wa Wete alinipakilia injini kwenye boti ndani ya gunia, moshi mweupe unafunika mtaa, na fundi wa huko alishamwambia anunue silinda na pistoni. Bahati yake hakuiosha. Mafuta yalipotoka yananuka petroli pua inawaka, nikafungua, sili ya upande wa klachi imekauka imekuwa ngumu kama kifuu. Silinda nzima, pistoni nzima. Kama ingenijia imeoshwa inang'ara ningeanza kubahatisha kama yule mwenzangu.

Bolti nazo. Vespa zetu hapa Unguja zinalala nje, upepo wa chumvi mwaka mzima, na bolti ya chuma ikikaa ndani ya alumini kwenye chumvi inafanya unga mweupe inashikamana kama imechomewa. Ukiilazimisha na spana inakatikia ndani. Mie natia mafuta ya kulainisha nalala nayo, asubuhi napasha moto pale pale, naijaribu kidogo kukaza kidogo kulegeza mpaka inalia ikakubali. Siku hiyo ya kusubiri sikuchaji, lakini usinambie mbona kazi ya saa mbili imechukua siku mbili. Zikitoka nazichomeka kwenye kadibodi niliyochora umbo la injini, kila moja kwenye tundu lake, kwa sababu urefu haulingani na ukizichanganya utakuja kupasua kesi unapokaza.

Kuyaachanisha magamba ndo pahala watu wanapoharibu. Kijana mmoja wa Bububu, mtu mzuri sana, aliamua kunisaidia ili bei ipungue. Kachomeka bisibisi katikati ya magamba mawili kapiga nyundo. Yalifunguka. Lakini pale yanapokutana kaacha makovu matatu, moja ukipitisha ukucha unakwama. Akapaka silikoni nyingi kuziba, akafunga, ikawaka. Baada ya siku chache injini ikawa inalia juu yenyewe ukiachia mkono haishuki, hewa inavuta pale kwenye makovu, mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mwepesi, joto linapanda, na akiwa njiani kwenda Mkokotoni pistoni ikashika, ikakwama ndani ya silinda. Kuja kufungua nakuta silikoni nyengine imekwenda ndani imekaa kwenye beringi. Alilipa kuchonga silinda, pistoni, beringi mbili, kujaza na kusawazisha yale makovu, mara tano ya ile elfu 60. Nilimuonea huruma na nilimkasirikia, yote mawili.

Wa pili huyu sitamsahau. Alisikia kostiki, ile soda kali ya sabuni, inatoa grisi yote bila kusugua. Inatoa kweli, kwenye chuma. Alumini inaliwa. Kaitia kesi ndani ya ndoo usiku, inachemka povu akadhani ndo uchafu unatoka, asubuhi kesi nyeusi, imefanya vidimbwi vidimbwi, nafasi za beringi zimepanuka. Ilikuwa Vespa ya marehemu babu yake. Sikuweza kuiokoa ile kesi, nilimrudishia kwenye kitambaa.

Na mchanga wa pwani nawaomba sana jamani. Chembe moja ikibaki kwenye kitundu cha mafuta kinachokwenda kwenye beringi, imekwisha.

Sie tunaosha hivi: dizeli na brashi laini, halafu mafuta ya taa, halafu maji moto na sabuni, halafu upepo wa kompresa kila kitundu mpaka uone unatokea upande wa pili. Gasketi kongwe nailowesha naitoa kwa kipande cha plastiki ngumu, pole pole, nikichoka naacha naendelea baada ya Alasiri. Kile kiuso cha valvu nakifuta kwa kitambaa na kidole tu. Beringi mpya haipigwi nyundo, napasha kesi mpaka tone la maji likianguka linachemka likakimbia, hapo beringi inatumbukia yenyewe kwa sauti moja, tok. Ukiisikia hiyo sauti unajua imekaa.

Zile sindano ndogo za gia, vijiti vyembamba vya beringi yake, nazihesabu zinapotoka na nazihesabu zinaporudi. Hakuna anayenilipa kuhesabu.

Kwa hiyo bei ni elfu 60, kukagua ndani yake, picha nakutumia WhatsApp kabla sijafunga, na sili na beringi kongwe nakurudishia uzione kwa macho yako. Anayetaka kupunguza gharama aitoe injini kwenye bodi mwenyewe aniletee, hapo ntampunguzia elfu 15 bila kuomba.

Ila iletwe chafu. Walio Pemba, tieni tambara kwenye tundu la kabureta na la ekzosi, ifungeni kwenye gunia, na ile bolti ya kumwagia mafuta ya gia msiiguse, ntaifungua mie.