Al-Jabarti naye alikuwepo

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili, iliyomsifu Napoleon na wataalamu aliokwenda nao alipoivamia Misri mwaka 1798, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemtafuta humo Mmisri hata mmoja asiyekuwa maiti ya Firauni. Sikumwona.

Kwanza sahihisho dogo. Jiwe la Rashid lenye maandishi ya kale, ambalo Wazungu huliita Rosetta, halikutoka kaburini kama mlivyoandika. Lilikuwa limejengewa ukutani kwenye ngome kuukuu, na Wafaransa waliokuwa wakiikarabati Julai 1799 ndio waliolitoa. Wenyewe hawakudumu nalo. Waliposalimu amri mwaka 1801 Waingereza wakalitwaa, na mpaka leo liko London. Mtaalamu wa Kifaransa, Champollion, alipoyafumbua yale maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822 alikuwa na nakala tu.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kingine. Siku zile Kairo kulikuwa na mwanazuoni, Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyekuwa akiandika yote anayoyaona. Alikwenda kuwatembelea wataalamu waliokuja na jeshi. Akakuta maktaba ambamo hata askari wa kawaida huketi akasoma. Akamwona mmoja wao akiweka unga mweupe kidogo juu ya fuawe na kuugonga polepole kwa nyundo. Ukalia kama bunduki. Wageni wakaruka, Wafaransa wakacheka. Hilo nalo Al-Jabarti kaliandika, wala hakuuficha mshangao wake.

Kalamu hiyohiyo ndiyo iliyoandika habari za Oktoba 1798, Kairo ilipoasi. Mizinga iliupiga mtaa wa Al-Azhar, kisha askari wakaingia msikitini na farasi, wakawafunga upande wa kibla. Wakavunja kandili. Vitabu na misahafu wakaitupa chini na kuikanyaga. Ile Taasisi ya Misri mnayoisifu, chama cha wataalamu hao kilichoanzishwa Agosti 22, ilikuwa na miezi miwili tu.

Sibezi kazi yao. Michoro ya samaki wa Nile katika Description de l'Égypte, vitabu vyao kuhusu Misri vilivyoanza kuchapwa 1809, utadhani ukiigusa utalowa. Ila mkihesabu urithi wa sayansi, hesabuni na fuvu la Sulayman al-Halabi. Kijana huyu wa Halab (Aleppo, Syria), aliyesoma Al-Azhar, alimuua kwa kisu Jenerali Kléber, mkuu wa jeshi la Wafaransa baada ya Napoleon, Juni 1800. Wakamuunguza mkono wa kulia, wakamtundika juu ya mti uliochongwa ncha mpaka akafa. Mifupa yake ikachukuliwa na Larrey, daktari mkuu wa upasuaji wa jeshi, hadi Paris, na fuvu likawekwa makumbusho.

Mmeahidi sehemu ya pili. Nawaomba mumpe Al-Jabarti japo aya moja. Kama Kiarabu ni kizito, kitabu chake kimefasiriwa kwa Kiingereza, hakitawasumbua kukipata.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga