Marsabit gani hiyo inanyesha?

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi lakini hiyo sehemu yenu ya hali ya hewa imenichosha. Kila siku mnaandika Marsabit, nyuzi kadhaa, mawingu, manyunyu, basi. Marsabit gani? Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000 na nyinyi mnaipatia mstari mmoja, tena mstari wenyewe ni wa huku mjini, juu mlimani, ambako saa hii nimevaa jaketi na ukungu umelala barabarani mpaka saa tatu asubuhi boda zinawasha taa.

Nikishuka Maikona kwa shemeji, hilo jaketi nalivua njiani. Huku tuko mita kama 1,300, kule hazifiki 500, joto la tanuri, halafu jangwa la Chalbi hilo mbele yako jeupe kwa chumvi. Upepo unatoka bahari ya Hindi unafika hapa unakutana na mlima, unapanda, unapoa, maji unatuachia sisi, na msitu nao unanasa ukungu, ile miti yenye ndevu inadondosha matone hata siku haijanyesha. Ukishuka upande wa pili huo upepo hauna kitu. Ndio maana mlimani tunapata kama milimita 800 kwa mwaka na Chalbi hazifiki 200.

Loiyangalani ndio usiseme, kule kwenye Ziwa Turkana upepo umefanya watu waje waweke mitambo 365 ya stima, na gazeti linaandika upepo wa wastani!

Kwa mtu wa Nairobi pengine ni stori tu. Juzi shemeji kanipigia, naskia Marsabit inanyesha, niwaambie vijana wa fora, wale wanaohamahama na mifugo mbali na nyumbani, warudishe ngamia? Nikamwambia shemeji, imenyesha kwa mahindi yangu, tena rasharasha. Angewarudisha wangetembea siku ngapi kufuata nyasi ambazo hazipo, na huyu mtu ukame wa tangu 2020, ile misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ulimmalizia karibu mbuzi wote.

Naomba mistari mitatu tu, mlimani, Chalbi na upande wa ziwa. Kama nafasi ni shida punguzeni yale matangazo ya kubeti, yamejaa ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Marsabit (ya juu, kwenye baridi)