Kabla hamjanunua ndege ya ajali, ulizeni logbuku

Mhariri, habari za kazi. Huku Mtwara pesa za korosho zikishaingia kila mtu anakua na wazo, na la sasa hivi vijiweni ni kuchangishana kununua ndege iliyopata ajali, zile Cessna ndogo ambazo bima imeshamlipa mwenyewe fidia yake halafu inapiga mnada mabaki ili ipate chochote. Bei chee kweli, na uwanja tunao, tena umeshapanuliwa, basi watu washaanza kuhesabu watalii wa Kilwa na Mafia. Mimi nimefanya ufundi wa ndege mpaka nikastaafu, naomba niseme kidogo.

Bima ikisema ndege haitengenezeki haina maana imekufa, ina maana gharama ya kuitengeneza inakaribia au inazidi ile thamani iliyokatiwa, na ndio maana wapo wanaonunua na wanapata faida. Ila wale wananunua makaratasi kwanza. Chukua injini ya Lycoming kwenye Cessna 206 za siku hizi, mwenye kiwanda anataka ifanyiwe ovaholi, yaani ifunguliwe yote na kufanywa upya, ikifika masaa 2,000 ya kufanya kazi, sasa kama logbuku haipo, kile kitabu cha kumbukumbu za masaa na matengenezo ya ndege, nani atakwambia imetembea 300 au 1,900? Na spea isiyo na cheti cha ilikotoka huruhusiwi kuifunga hata ing'ae vipi. Watu wanaona huo ni urasimu tu, lakini mwaka 2023 mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani yalilazimika kuegesha ndege kwa ajili ya spea za injini zenye vyeti vya kughushi, zilizouzwa na kampuni ya Uingereza inaitwa AOG Technics. Wale wana mainjinia kibao na bado walipigwa.

Halafu picha za mnada, hapo ndo pa kukodolea macho. Angalieni propela. Ncha zikiwa zimejikunja kwenda mbele mara nyingi injini ilikua inavuta wakati inagonga chini, mshtuko umeingia mpaka kwenye krankshafti, ule mhimili wa ndani ya injini unaozungusha propela, hapo injini inabidi ifunguliwe yote ikaguliwe hata kama inawaka vizuri, na hiyo sio hela ya kuchangishana kijiweni. Zikijikunja kwenda nyuma injini ilikua imelegea au imezima, sawa, sasa jiulize ilizima kwa nini. Na mpiga picha huwa anasimama upande uliosalimika, ule mwingine mtauona mkishalipa! Kama imelala sana huku pwani chunguzeni maungio na ribiti, chumvi inakula alumini chini ya rangi, unakuta unga mweupe tu. Iliyozama baharini mimi siitaki hata ya bure.

Tena inauzwa ilivyo na hapo hapo ilipo. Kama imeangukia porini, kufungua mabawa na kutafuta lori ni juu yako.

Ninachoomba mhariri ni hiki. Korosho zetu zikienda mnadani mnunuzi anajua kilo, daraja na ghala kabla hajaweka dau, sasa kwa nini tangazo la ndege liwe mistari mitatu, aina yake, namba ya usajili na siku ya mwisho ya zabuni basi? TIRA wanaosimamia bima wakae na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kila tangazo la mabaki ya ndege liseme logbuku zipo au hazipo, injini na propela zina masaa mangapi, na kama iliingia maji. Hata bima wenyewe watauza vizuri zaidi, maana mtu asiyejua anachonunua anaweka dau la woga.

Na nyie wadogo zangu wa hapa mtaani, hela si bado mnazo? Ombeni kwanza kopi za kurasa za mwisho za logbuku. Mkiambiwa zimepotea, andikeni dau la alumini chakavu kwa kilo.

Fundi mstaafu,
Shangani, Mtwara