Zawadi ya kamera ndogo: msisome boksi, ulizeni inaenda wapi

Mhariri,

Salamu zangu na za wana Kibokoni, hapa Mombasa. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake Disemba yaja, msimu wa arusi nao ndio huo, na jamaa zetu walioko Uingereza, Marekani na Dubai washaanza kutuma meseji za "mwataka niwaletee nini", na vijana siku hizi jibu lao ni moja, kamera. Si simu, kamera! Zile ndogo za mfukoni tulizodhani zishazikwa. Mimi nimekaa studio ya picha maisha yangu mengi hapa mjini, nshastaafu lakini watu bado waniletea kamera zao mpaka nyumbani niziangalie, na ukweli nyingi huja zishakufa, na nyingi katika hizo zilikuwa zawadi. Aliyenunua alinunua kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo, lakini alinunua kwa kusoma boksi.

Boksi lasema megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti vinavyounda picha. Haya, tumalizane nazo kwanza. Ile picha ya kawaida ya studio, inchi nne kwa sita, ukiichapisha vizuri kabisa yataka megapikseli mbili na kidogo, basi. Megapikseli 12 zakupa picha ya inchi 13 kwa 10, hiyo ni ya kutundika sebuleni na wageni wakaisogelea na miwani. Sasa anayekuuzia ya megapikseli 64 kwa bei ya kutupa, jiulize hizo zingine zatoka wapi. Kamera nyingi za namna hiyo, zile za majina hata hujapata kuyasikia, kisensa chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo na programu ndiyo huivuta picha ijaze hiyo hesabu. Na ile "zumu mara 16" ya ubavuni nayo ni ya kukata picha na kuipanua, kitu ambacho hata simu yako yafanya bure. Zumu ya maana ni ya lenzi yenyewe, ile inayotoka na kurudi ndani.

Kinachofaa kuulizwa ni ukubwa wa hiyo sensa. Kamera ndogo za bei nafuu zina sensa ya milimita 6 kwa 4 na nusu hivi. Zile nzuri za mfukoni, kama ukoo wa Sony RX100 ulioanza 2012 au Canon G7 X, zina ya milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kama mara nne. Tofauti hiyo hutaiona mchana ufukweni, mchana kila kamera ni hodari. Utaiona usiku Makadara siku ya Idd, utaiona kwenye vichochoro vya Mji wa Kale baada ya magharibi, pale ambapo simu inasafisha uso wa mtu mpaka waonekana umepakwa nta.

Lakini hata sensa siyo swali la kwanza kwetu sisi wa pwani. Swali la kwanza ni kamera yenyewe yaenda wapi. Na hapa Mhariri naomba univumilie niseme sana, manake hili ndilo linaloua zawadi za watu na hakuna duka litakwambia.

Kamera ndogo ikizimwa lenzi yake hujikunja ikaingia ndani, ndio maana yaingia mfukoni. Kujikunja huko ni vijigia vidogo vidogo vya plastiki na mirija mitatu inayoingiana, na nafasi kati ya mrija na mrija ni nyembamba mno. Sasa mchukue kijana mpeleke ufukwe wa Pirates Jumapili, kamera iko mkononi, mchanga wa pwani yetu wenyewe ni laini, upepo wa kusi wavuma, chembe moja yaingia pale, anawasha, lenzi yatoka nusu yakwama, skrini yaandika lenzi ina hitilafu, zima uwashe tena. Anazima anawasha anazima anawasha, kila akiwasha mota yazidi kuvunja meno ya gia. Ikifika kwangu ishakwisha. Kuitengeneza yataka kubadilisha lenzi nzima na bei yake yakaribia kamera mpya, na mafundi wa kazi hiyo mjini nao wamebaki wa kuhesabu.

Ukiachilia mchanga kuna jasho la hewa. Mombasa hewa yetu ni nzito, mwaka mzima, na kamera ikikaa kabatini imefungiwa ndani ya ngozi iliyokuja nayo, inaota ukungu ndani ya lenzi, vile vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui, na kila siku ukisema utaitoa kesho vinazidi. Wenye vyumba vya eisii nao wana balaa lao, kamera imepoa usiku kucha halafu yatolewa ghafla nje kwenye joto, kioo chapata umande, na si nje tu hata ndani. Dawa yake ni rahisi, itie kwenye mfuko wa plastiki uufunge kabla hujatoka, uiache ipate joto humo humo. Na vile vipaketi vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu msivitupe, hivyo vyavuta unyevu, viwekeni na kamera kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Kabati la nguo ndio mahali pabaya kuliko pote lakini ndipo kila mtu aweka.

Kwa hivyo mtu wa ufukweni, mtu wa boti, anayezamia na miwani kule Kisite au anayefundisha watoto kuogelea, huyo msimnunulie ya lenzi ya kutoka nje hata ikiwa nzuri vipi. Mnunulieni zile zisizoingia maji. Olympus TG-6 ya 2019 yashuka mita 15 bila ganda la ziada la kuzuia maji, ina uzito wa gramu 253, na zumu yake yaenda ndani kwa ndani, hakuna kinachochomoza. Ya baadaye yake, TG-7 ya 2023, imeandikwa OM System, msidhani ni feki, ni ukoo ule ule biashara imebadilisha mikono. Sensa yake ni ile ndogo na megapikseli ni 12, usiku haitakufurahisha sana, lakini itakuwa hai. Akitoka baharini aisuuze na maji matamu, na kabla ya kuingia atazame mlango wa betri, unywele mmoja ukikaa kwenye mpira wake maji ya chumvi yamepata njia.

Mtu wa mjini ni mwingine. Mpwa wangu aliyeko Marekani aliniandikia, "Mjomba, dadangu amaliza chuo, nimletee ipi?" Nikamuuliza, dadako apenda kupiga nini? Milango ya Ndia Kuu na Ngome ya Yesu, na mashoga zake. Aibeba wapi? Kwenye mkoba mdogo, avaa buibui, hataki kitu cha kuning'inia shingoni kila mtu akamtazama. Basi hapo mambo yakawa mepesi.

Kama ni milango na vichochoro tu ningemwambia Ricoh GR III, gramu 257 na sensa yake ni kubwa kuliko zote nilizotaja, ile ya kamera za wakubwa. Lakini haina zumu, haina fleshi, na betri yake ni picha kama 200 kwa chaji, kwa hivyo bila betri ya pili ni mateso. Hiyo ni kamera ya mtu aliyeiomba kwa jina, kumpa mtu ambaye hakuiomba ni kumpa kazi. Sony RX100 VII, gramu 302, zumu yake yafika mbali sana na ina kijidirisha cha kuchungulia kinachoruka juu, kitu kizuri mno kwa jua letu la saa saba ambapo skrini yote yageuka nyeupe huoni hata unachopiga. Ila ilitoka 2019 kwa dola 1,200, ambayo kwa dola ya shilingi 129 ni zaidi ya laki moja na nusu, na bado yachaji kwa waya wa zamani. Zawadi ya laki na nusu mkononi mwa msichana anayepanda matatu ya Kongowea, mimi nasita.

Nilichomwambia ni Canon G7 X Mark III. Gramu 304, nayo ya 2019, ilianza dola 749. Hapo ndio vijana wote wamekimbilia kwa hivyo bei imepanda na duka nyingi huishiwa, sitadanganya. Sababu yangu si fasheni. Juu yake kuna gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga, na kwetu hilo ni dhahabu. Kamera yoyote ikiona kanzu nyeupe imejaa kwenye picha yadhani mwanga umezidi, yaupunguza, uso wa bwana arusi wawa kiza. Ikiona mabuibui meusi kumi yamesimama pamoja yafanya kinyume, yaongeza mpaka nyuso zaungua. Zungusha gurudumu, moja juu kwa kanzu, moja chini kwa buibui, basi. Na ina fleshi ya kweli, ile ya kung'aa mara moja, ambayo mchana jua likiwa nyuma ya mtu na bahari yawaka wailazimisha iwake na uso watokea. Taa ya simu haiwezi hiyo.

Kuna jambo lingine hawalijui wengi. Sensa za hizi kamera tatu za mtu wa mjini umbo lake ni tatu kwa mbili, sawa sawa na karatasi ya nne kwa sita. Simu nyingi na kamera ndogo za bei nafuu ni nne kwa tatu, ukipeleka studio kuchapisha lazima kitu kikatwe, na kinachokatwa mara nyingi ni kilemba cha babu. Ukiwa na kamera ya namna hiyo ingia kwenye setingi uiweke tatu kwa mbili kabla hujapiga.

Wanaosema bei zote hizo ziko juu wana haki. Canon mwaka 2025 waliirudisha ile ndogo yao ya 2016, IXUS 285 HS, kule Marekani yaitwa ELPH 360 HS, safari hii na herufi A mwishoni. Ni nyepesi mno, robo tatu ya uzito wa simu wala haifiki, zumu ya lenzi mara 12. Sensa ndogo, lakini lenzi ya kweli na fleshi ya kweli. Angalia tu kwamba hii mpya yatumia memori kadi ile ndogo ya simu, usije ukamfungia kadi kubwa kwenye zawadi. Mitumba pia si haramu, ila kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani tupu na haibadiliki, na kamera za kabla ya 2006 nyingi hazisomi kadi za siku hizi. Mwambieni muuzaji aiwashe na kuizima mara kadhaa mbele yenu, lenzi itoke na irudi, sikilizeni kama yakwaruza.

Anayeleta aje nayo mkononi akiweza, manake ukituma kwa kurier forodha watakuuliza, VAT peke yake ni asilimia 16 kabla hujafika kwa ushuru. Chaja za kule hazina shida na umeme wetu, nyingi zimeandikwa volti 100 mpaka 240, tatizo ni plagi tu. Betri ya pili iwemo kwenye boksi. Na kadi inunuliwe duka la kuaminika, hizi za barabarani zaandikwa giga 256 na ndani ni nane, picha zaingia vizuri tu mpaka arusi yafika katikati halafu zilizofuata hazifunguki. Ukiwa na wasiwasi ijaze na video mpaka mwisho, kisha fungua ile ya mwisho uitazame.

Na kama bajeti yote ni elfu kumi na tano, tafadhalini msinunue kamera. Kamera mpya ya bei hiyo itashindwa na simu aliyonayo, itawekwa kabatini na mimi nitaletewa. Mwambieni awatumie picha zake mia anazozipenda kwenye simu, zipelekeni studio, zichapishwe nne kwa sita, nunueni albamu nzuri ya kupachika. Pesa zitabaki.

Mpiga picha mstaafu,
Kibokoni, Mombasa