Jike wangu anaandaa kiota huku anajisugua mawe: nimtibu au nimwache?

Ndugu mshauri,

Salaam nyingi. Nafuga samaki wa maji chumvi, na kwa wiki kadhaa sasa mmoja wao ananichanganya akili. Nimeuliza wafugaji wenzangu na nimepata majibu mawili yasiyopatana, kila moja likionekana la kweli. Kwa hiyo naomba univumilie nikikueleza kwa kirefu, maana katika jambo hili naona vidokezo vidogo ndivyo vyenye uzito.

Samaki wenyewe ni wale wa anemoni, wa rangi ya machungwa wenye mikanda mitatu myeupe, Amphiprion ocellaris. Ninao wawili katika tangi la lita 200 lenye mawe, mchanga, matumbawe laini machache, kamba msafishaji mmoja (yule anayedonoa vimelea mwilini mwa samaki) na samaki mwingine mdogo anayeshinda mchangani. Wawili hawa wamekua pamoja. Jike tunamwita Bi Mkubwa, na mumewe, ambaye kwa umbo ni kama nusu yake, ni Bwana Mdogo. Majina yamewakaa vizuri, maana huyo bwana hana kauli kabisa.

Bi Mkubwa amelichagua jiwe moja bapa na kutwa analidonoa kama anayesugua sufuria, mpaka halina hata uzi wa mwani. Nikiingiza mkono kusafisha kioo ananing'ata. Yule wa mchangani hathubutu tena kupita upande ule. Bwana Mdogo akimsogelea hutetemeka mwili mzima, ubavu umeinama, kisha hujiunga naye kudonoa. Niliowauliza wote wanakubaliana kwamba hayo ni maandalizi ya kutaga, na kwamba kutetemeka ni namna ya dume kujinyenyekeza kwa mkubwa wake. Hapo sina swali.

Swali langu ni la alfajiri. Kabla taa za tangi hazijawaka namkuta Bi Mkubwa juu, karibu na uso wa maji, ameukabili mkondo wa pampu, anapiga mapezi bila kwenda popote. Anahema haraka kuliko mwenzake. Matamvua yake hayatulii. Akitoka hapo anashuka kwa kasi na kujisugua kwenye jiwe, na siku zote ni ubavu wa kushoto. Hutikisa kichwa, mara nyingine hupiga miayo mfululizo. Kufikia adhuhuri mambo yamepoa na amerudi kwenye jiwe lake kana kwamba hakuna lililotokea. Chakula anakula, ila chembe za kwanza anazitema kabla ya kuzirudia. Ngozi haina madoa meupe, haivuki ute, mapezi ni mazima, macho ni maangavu.

Kuna kidokezo kingine ambacho naona wengi wanakipuuza. Ameanza kumwendea yule kamba. Anasimama mbele yake, anatanua kifuniko cha matamvua, tena ni kilekile cha kushoto, na kumwachia apapase humo ndani. Huko nyuma alikuwa hamtaki hata amsogelee.

Maji nimepima asubuhi na jioni. Joto ni nyuzi 25 hadi 26, uzito linganifu (kipimo cha chumvi) 1.025, amonia na nitriti sifuri, nitreti kama sehemu 10 kwa milioni. Kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa maji, kinafika 8.2 jioni na kushuka hadi 7.9 alfajiri. Kushuka huko ndiko kulikonifanya nishuku hewa kwanza: usiku mwani hautengenezi oksijeni, kila kiumbe tangini kinapumua, kaboni dioksidi inarundikana. Nikaielekeza pampu juu ili ivuruge uso wa maji na nikaacha mfuniko wazi usiku. Kipimo cha asubuhi kilipanda kidogo, lakini Bi Mkubwa hakubadilika. Isitoshe, kama ni hewa, kwa nini wenzake wawili hawahemi? Hilo nimeliweka kando.

Mfugaji mmoja aliposikia habari ya kuukabili mkondo alisema papo hapo kuwa ni Amyloodinium, ule ugonjwa wa vumbi la dhahabu. Namheshimu, ila ugonjwa ule huua ndani ya siku chache, na mara nyingi huenea tangi zima. Hoja hiyohiyo naitumia kwa Brooklynella, kimelea cha ngozi kinachosababisha ute mwingi, inayowaandama sana samaki wa jamii hii: ingekuwa hiyo, ute ungeshaonekana na mimi nisingekuwa naandika barua. Mwingine alinishauri ninunue samaki mpya, yaishe. Samaki hawa wakitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Sioni sababu ya kuwa na haraka hiyo.

Kwa hiyo nabaki na washukiwa wawili. Wa kwanza ni Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe, ambacho huweza kujificha ndani ya matamvua bila doa hata moja kuonekana nje. Nimesoma kwamba humwacha samaki gizani, hujifungia kwenye mchanga na mawe, kisha vichanga vyake hutoka kutafuta samaki usiku wa manane kuelekea asubuhi. Hilo lingeeleza kwa nini shida ni ya alfajiri. Wa pili ni minyoo bapa ya matamvua. Hao wangeeleza miayo, kutikisa kichwa, kushambuliwa upande mmoja tu, na zile ziara kwa kamba. Mimi moyo wangu unaelekea kwa minyoo, lakini moyo si darubini.

Ugumu wenyewe ni kwamba tiba za hawa wawili zinatofautiana sana. Cryptocaryon inataka dawa ya shaba itiwe majini, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe, tena mawe huinyonya. Lazima Bi Mkubwa ahamie tangi la pembeni, na kwa kawaida matibabu huchukua kama siku 30. Tena tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja ili kimelea kife njaa; muda unaotajwa zaidi na wafugaji ni siku 76. Na samaki hawa wote huzaliwa wakiwa madume; aliye mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike, na akiondoka, dume wake huchukua nafasi hiyo. Akishageuka harudi. Nikimtenga Bi Mkubwa peke yake kwa muda mrefu, naogopa nitamrudisha kwa jike mwingine mwenye jiwe lake mwenyewe, na majike wawili ndani ya lita 200 ni vita.

Minyoo ni nafuu zaidi. Prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watu wenye kichocho, huweza kutiwa kwenye tangi kuu bila kumdhuru kamba. Pia kuna kumchovya samaki kwenye maji yasiyo na chumvi kwa kama dakika 5, joto na pH vikiwa sawa na vya tangini. Minyoo ikiwapo hugeuka myeupe na kudondoka, ukaiona kwa macho.

Naomba basi unisaidie haya. Je, ni salama kumchovya jike ambaye huenda tumboni ana mayai, au nisubiri kwanza atage? Akitaga, dume ndiye atakayeyalinda mayai kwa takriban wiki moja. Je, ndio wakati mzuri wa kumtoa jike kwa dakika hizo chache, au nitavuruga kila kitu? Na kama nitalazimika kutumia shaba, naweza kuwatibu wote wawili katika tangi moja la pembeni ili Bwana Mdogo aendelee kumwona mkubwa wake na asigeuke?

Tangi la pembeni nimeshaliandaa: lita 60, hita, chujio la sifongo na vipande vya bomba vya kujificha. Dawa yoyote sijatia bado. Anaendelea kula, kwa hiyo naweza kusubiri jibu lako, ila akikataa chakula nitaanza na maji yasiyo na chumvi bila kuchelewa.

Wako,
Mlinzi wa Bi Mkubwa