Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana Wetu wa Ujerumani na Njia ya Sayansi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mlioiacha Jumamosi yenu mkaja kukaa nasi,

Nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka 2024. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, kwa hiyo mimi sitagusa mapato na matumizi isipokuwa pale yanapohusu uamuzi nitakaowaomba mwishoni. Nitasema juu ya jambo lililotukutanisha sisi tuliotoka Mombasa, Bukoba, Bukavu na Bujumbura tukaja kuishi katika miji ya Nordrhein-Westfalen, jimbo la magharibi mwa Ujerumani: kwamba watoto waliozaliwa au kukulia hapa wasome sayansi na teknolojia, na wapate kazi humo.

Mwaka tuliuanza na habari mbaya mkononi. Desemba 2023 yalitangazwa matokeo ya PISA ya 2022, mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15. Ujerumani ilipata alama 475 katika hisabati, ilhali mwaka 2018 ilikuwa na 500. Katika sayansi ilishuka kutoka 503 hadi 492. Simu zililia wiki nzima, wazazi wakiuliza kama shule za huku zimeharibika. Nilichowajibu ndicho ninachowaambia leo. Shule zina matatizo yake, na walimu wa hisabati na fizikia hawatoshi, lakini watoto wetu tunawapotezea mahali pengine: pale uamuzi mkubwa unapofanyika na nyumbani hakuna mtu mzima anayejua kinachoamuliwa.

Uamuzi wa kwanza huja mapema mno. Katika jimbo letu shule ya msingi, Grundschule, ni miaka minne tu. Mtoto wa miaka tisa au kumi anakuja nyumbani na ripoti ya nusu mwaka, na pamoja nayo pendekezo la mwalimu: Gymnasium, ya kuelekea chuo kikuu; Realschule, ya kati; Hauptschule, ya chini yake, ya kuelekea kazi za mikono; au Gesamtschule, inayochanganya njia zote. Kuna majimbo ambako pendekezo hilo lina nguvu kubwa. Kwetu hapa si amri, mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Nimelisema hili katika kila mkutano na nitaendelea kulisema, maana bado nakutana na wazazi wanaoipokea ile karatasi kama hukumu ya mahakama. Mwalimu kasema, basi, yamekwisha. Tulilelewa kumheshimu mwalimu na ni malezi mema. Ila hakuna utovu wa adabu katika kumwuliza mwalimu ameona nini kwa mtoto, na nini kifanyike ili afike mbali zaidi.

Wengi mnalijua jina la Uğur Şahin wa BioNTech, kampuni iliyotengeneza pamoja na Pfizer ile chanjo ya Uviko-19. Aliletwa Köln kutoka Uturuki akiwa na miaka minne, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford. Shule ya msingi ilimpendekezea Hauptschule. Jirani yao Mjerumani ndiye aliyeingilia kati, mtoto akapelekwa Gymnasium. Mimi hujiuliza ni watoto wangapi wa Köln hiyo hiyo, wenye akili kama zake, ambao ukutani kwao hakukuwa na jirani wa namna ile. Mwaka huu tumejaribu kuwa jirani huyo. Kuanzia Novemba, kabla mapendekezo hayajaandikwa, wanachama wetu waliowahi kupitia njia hii walikaa na familia zenye watoto wa darasa la nne, na pale mzazi alipoomba, walimsindikiza hadi shuleni.

Nitataja kisa kimoja tu, kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Mwanawe alikuwa na 1 katika hesabu, alama ya juu kabisa, na 4 katika Kijerumani cha kuandika. Pendekezo lilikuwa Hauptschule. Katibu wetu alikwenda naye kuonana na mwalimu, na mwalimu, kwa moyo mweupe kabisa, akaeleza kwamba wasiwasi wake ulikuwa lugha tu, hakuna kingine. Yule mtoto leo yuko Gesamtschule, anapata masomo ya ziada ya Kijerumani, na mlango wa Abitur, mtihani wa mwisho unaofungua chuo kikuu, uko wazi mbele yake. Mazungumzo yenyewe hayakufika hata saa moja.

Sasa niseme juu ya hamu, kwa sababu nafasi bila hamu haitumiki. Umoja wa Ulaya umehangaika na jambo hili muda mrefu. Mwaka 2003 mawaziri wa elimu walikubaliana kwamba ifikapo 2010 wahitimu wa hisabati, sayansi na teknolojia wawe wameongezeka kwa angalau asilimia 15, na pengo kati ya wanaume na wanawake lipungue. Lengo la idadi lilivukwa mapema. Pengo halikusogea sana, wanawake wakabaki karibu theluthi moja. Katika miaka hiyo hiyo Svein Sjøberg na Camilla Schreiner wa Chuo Kikuu cha Oslo waliwahoji vijana wa miaka 15 katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo. Vijana wa Uganda walisema kwa wingi kwamba wangependa kuwa wanasayansi. Wenzao wa Norway na nchi nyingine tajiri walikubali kuwa sayansi ina faida kwa jamii, ila kuifanya wao wenyewe kama kazi hawakutaka, na wasichana ndio waliokataa zaidi.

Katika nyumba zetu vijana wa Uganda na vijana wa Norway wanakula meza moja. Baba alikua pale ambapo kusoma fizikia kulikuwa ndoto ya kijiji kizima. Binti yake amekua hapa, na kwake hakuna ndoto ya kijiji. Baba akianza kusimulia alivyosoma kwa kibatari, binti anasikiliza kwa heshima, kisha anarudi chumbani kwake akiwa bado hajui mhandisi hufanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, hufanya na nani, na kazi hiyo humsaidia nani. Hayo ndiyo wanayotuuliza. Kwa sababu hiyo kamati iliamua kupunguza hotuba za watu waliofanikiwa na kuwapeleka vijana mahali kazi inapofanyika.

Ziara iliyofana kuliko zote ilikuwa ya mto Emscher, mwezi Juni. Wenye umri wangu mnaikumbuka harufu yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja mto huo ulikuwa mfereji wa maji machafu ulio wazi, umejengewa zege, unakatiza katikati ya miji, kwa sababu migodi ya makaa ya mawe ilifanya ardhi izame na mabomba ya chini yangevunjika. Migodi ilipoondoka, kazi ya kuurudishia mto uhai ilianza mwaka 1992 na kugharimu zaidi ya euro bilioni tano. Bomba kuu la maji taka, lenye urefu wa kilomita 51 kutoka Dortmund hadi Dinslaken, limepita chini ya ardhi, na mahali pengine limefika kina cha mita 40. Tangu mwanzo wa mwaka 2022 mto wenyewe haupokei tena maji taka.

Mwanachama wetu mmoja anafanya kazi ya kupima ubora wa maji, naye ndiye aliyewaongoza vijana. Aliwavalisha buti za mpira akawaingiza kwenye kijito kinachomwaga maji yake Emscher. Wakachota maji, wakachovya vijikaratasi vya kupimia naitreti, wakalinganisha rangi na jedwali. Kisha wakageuza mawe kutafuta wadudu wanaoishi chini yake, maana kuna aina za wadudu ambazo zikionekana unajua maji yana oksijeni ya kutosha. Kijana mmoja wa miaka 14, ambaye mama yake alikuwa ameniambia kwamba hapendi kitu chochote ila simu, alibaki majini wenzake wote wakiwa wameshatoka. Alikuwa amekuta lava, yaani mtoto, wa nzi-maji wa aina moja na anatafuta wa aina ya pili. Njiani kurudi alimwuliza yule mwanachama wetu mpima maji maswali hadi kituo cha treni: mshahara ni kiasi gani, mtu anasoma wapi, je, lazima uwe na alama nzuri za Kilatini. Si lazima.

Warsha za Jumamosi ziliendelea ukumbini. Ile iliyokusanya watu wengi ni ya chumba cha ukungu, chombo kinachoonyesha njia za chembe ndogo zitokazo angani. Vifaa ni sanduku la kioo, kitambaa kilicholoweshwa spiriti, na chini yake barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Unazima taa, unamulika kwa tochi ubavuni, unasubiri. Mvuke wa spiriti unatanda karibu na sakafu ya sanduku, mara unaona uzi mweupe umechoreka na kutoweka, kisha mwingine. Bibi mmoja aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea wajukuu aliinama akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Na hivi vinapita hata kwenye mkono wangu?" Mjukuu wake wa kike, wa miaka 11, akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, bibi, karibu kila sekunde kimoja, na havidhuru. Nilifurahi sana kusikia maelezo hayo yakitolewa kwa lugha yetu na mtoto aliyezaliwa Essen.

Nimemtaja mjukuu wa kike kwa makusudi. Katika warsha zetu wasichana na wavulana huwa sawa sawa hadi umri wa miaka 12 hivi. Baada ya hapo wasichana wanaanza kukosekana. Nimezungumza nao, na nitasema waliyoniambia ingawa yanatuuma sisi wazazi. Wengi hawakuacha kwa kuchoshwa na sayansi. Wameacha kwa sababu Jumamosi asubuhi kuna wadogo wa kuangalia, kuna wageni, kuna usafi, na kaka mtu haguswi. Serikali ina siku yake ya kuwapeleka wasichana viwandani na maabara, Girls' Day, iliyoanza mwaka 2001, na tunaitumia. Siku moja kwa mwaka haiwezi kurudisha Jumamosi zote tunazowanyima sisi. Naomba akina baba mliomo humu mlibebe hili, ninyi hasa. Kamati kwa upande wake imekubali wadogo waje na dada zao ukumbini, na watatunzwa chumba cha pili.

Jambo jingine linalohitaji ukweli ni Ausbildung, mafunzo ya kazi. Kijana akisema anataka kuwa fundi wa mekatroniki, nyumba inanuna. Tumekuja Ulaya mtoto ashike spana? Jamani, tuielewe kwanza njia yenyewe. Mekatroniki ni miaka mitatu na nusu. Sehemu ya wiki yuko kiwandani akijifunza umeme, mitambo na programu za kuongoza mashine, sehemu yuko shule ya ufundi, na kila mwezi analipwa. Akiendelea hadi cheti cha Meister, yaani fundi bingwa, anaruhusiwa kuingia chuo kikuu hata kama hana Abitur. Na upande wa pili tuna vijana waliosukumwa kwenye udaktari au uhandisi wa chuo kikuu kwa sababu ya jina, wakaacha masomo katika mwaka wa kwanza, wakaona haya kurudi nyumbani kusema. Wawili kati yao sasa wako kwenye Ausbildung na wanafanya vizuri. Ningependa sana tuwapongeze hadharani kama tunavyowapongeza wenye digrii.

Kwa wanaokwenda chuo kikuu, hisabati ya muhula wa kwanza ndiyo inayowaangusha. Vyuo vingi huwa na kozi ya maandalizi, Vorkurs, wiki chache kabla ya muhula wa Oktoba. Si lazima kuisoma, na kwa hiyo vijana wetu huiruka wakiwa bado na kazi za likizo. Msiwaruhusu kuiruka.

Mashindano ya utafiti wa kisayansi ya vijana, Jugend forscht, yaliyoanza mwaka 1965, tumeshiriki kwa mara ya kwanza na kikundi cha vijana watatu katika ngazi ya wilaya. Hawakupita. Majaji waliwapa maoni ya kurasa nzima kuhusu kichujio chao cha maji na wameshaanza kukirekebisha. Usajili hufungwa tarehe 30 Novemba kila mwaka, na mtoto anaweza kuanza akiwa darasa la nne.

Nije kwenye ombi. Kila mwaka sehemu kubwa ya fedha zetu huenda kwenye kongamano la vuli: ukumbi, chakula, wageni mashuhuri. Ni siku nzuri, na ninajua wengine mnaisubiri mwaka mzima. Lakini nikitazama ni nini kilichombadilishia mtoto njia mwaka huu, naona mtu mmoja mzima aliyekaa na familia moja kwa wakati unaofaa. Wanaofanya kazi hiyo ni wachache, wanajilipia treni wenyewe, na wawili wameniambia hawataweza kuendelea hivyo. Kamati inapendekeza kongamano lifanyike kila baada ya miaka miwili, na fedha zitakazobaki zilipe nauli za washauri hao na vifaa vya warsha. Pia tunahitaji washauri wapya, hasa akina dada walio katika kazi za kompyuta, umeme na maabara, na watu wanaozungumza Kifaransa kwa ajili ya familia zilizotoka Kongo na Burundi kupitia Ubelgiji.

Pendekezo hilo ni ajenda namba nne na litapigiwa kura ya siri. Girls' Day ijayo inakaribia. Nafasi hujaa haraka, basi wenye mabinti kuanzia darasa la tano waandikisheni leo kwa katibu kabla hamjaondoka. Sasa namkaribisha mweka hazina.